Mbwa Aliyeogopa Mabegi

Nilikwenda kwa mdogo wangu kwa ajili ya kochi moja tu. Yeye ni fundi wa mapazia, na alikuwa amepata mteja aliyetaka mapazia na kochi vya kitambaa kimoja. Mapazia hayamshindi. Kochi lilimshinda, na alijua kuwa kaka yake, popote alipo, anajua kulivalisha kochi likavalika. Akauliza huku na huko mpaka akanipata, nikaja na begi langu. Nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba alichonipa, nikamwambia kochi likiisha naondoka. Akasema sawa, akaenda kubandika chai.

Kochi likaisha. Likaja la jirani wa yule mteja, kisha viti vya shemeji ya jirani, na begi likaendelea kuning'inia pale pale, limefungwa, lina kila kitu: mashati, sabuni, kikombe cha bati, kifuko cha sindano. Ndivyo nilivyoishi umri wangu wote. Nimelala katika karakana, katika maghala ya mbao, na safari moja katika kabati la nguo lililokuwa likisubiri milango yake. Hata shule nilisoma nikipita: darasa la kwanza mji huu, la pili mji ule, la nne kwingine kabisa. La tatu hatukuwahi kukutana. Mtu ambaye begi lake limefungwa ana raha yake. Watu wakianza kumchoka, yeye keshawatangulia barabarani.

Majirani walinibandika jina la Mzee Njiani. Mdogo wangu naye alikuwa na utani wake. Kila asubuhi akinikuta jikoni alijifanya kushtuka, mkono kifuani, anasema kumbe bado upo, basi ngoja niongeze maji kwenye birika.

Chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama barabara, ndicho karakana yetu. Upande wa dirisha kuna cherehani yake na meza ndefu ya kukatia. Upande wa ukuta ni wangu: fremu, magunia, springi, na vipande vya sponji vilivyorundikana hadi kiunoni. Katikati tumeacha njia ya mteja, nyembamba, na mteja mnene hupita kwa ubavu huku akiomba samahani.

Sasa, habari ya mbwa.

Mwisho wa mtaa wa maghala kuna kituo kinachopokea mbwa waliotupwa na waliopotea. Anayekiendesha ni mwanamke mmoja mpana, mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini, na watu wote wanamwita Mama Mbwa, naye huitika bila kinyongo. Benchi lake la mapokezi lilikuwa limetafunwa na wageni wake mpaka likabaki mbao, akaniita nikalivalishe upya pale pale, maana halikuweza kupita mlangoni.

Misumari ya kochi ni midogo, na sisi wa zamani tunaiweka mdomoni. Unatia kiganja kizima, unaipanga kwa ulimi, kisha unatoa mmoja mmoja kwa midomo na kuuchukua kwa kichwa cha nyundo chenye sumaku. Siku hizi wana bunduki ya pini, wanapiga huku wanapiga soga. Mimi nikiwa kazini sina mdomo. Basi nimepiga magoti pale, misumari mdomoni, nikahisi kitu kimeniegemea nyonga. Nikatazama. Mbwa jike, mdogo kuliko mto wa kochi, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Hakunilamba wala hakurukaruka. Aliniegemea tu kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, akafumba macho kama mtu aliyefika kwake.

Nilitaka kumwambia aondoke, lakini kwa mdomo gani? Mama Mbwa akaona nafasi yake. Akavuta ndoo, akaikalia, akanisimulia habari za yule mbwa mwanzo mpaka mwisho bila mtu wa kumkatiza.

Watu wake wa kwanza walihama. Walipakia kila kitu, hata kamba ya kuanikia nguo, wakamwacha yeye kwenye nyumba tupu. Kituo kikampatia mume na mke wa kumchukua, watu wazuri tu, ila walikuwa wakisafirisafiri. Kila walipotoa mabegi, mbwa alitoweka, na kila mara walimkuta ndani ya kitu kinachotoka: sanduku, kapu la nguo, na siku moja begi lililokuwa limeshafika kituo cha basi. Akijificha hivyo habweki wala halii. Wakachoka, wakamrudisha. Akaja mwingine, akamrudisha kwa sababu ile ile.

"Haogopi radi, haogopi paka, haogopi mtu," alisema Mama Mbwa. "Anaogopa mabegi."

Nilipotoa msumari wa mwisho mdomoni, mbwa alikuwa keshalala, na mimi sikuwa tena na nguvu ya kusema hapana. Nikasema nitamchukua. Mama Mbwa akainuka kwenye ndoo. Jina la Mzee Njiani lilikuwa limemfikia hata yeye.

"Fundi, wewe unakaa?"

"Nakaa kwa mdogo wangu, pale kwa mapazia."

"Sijakuuliza wapi. Nimekuuliza kama unakaa."

Nikamwambia kwamba kwa sasa nipo. Jibu lile halikumfurahisha, wala mimi halikunifurahisha, lakini ndilo nililokuwa nalo. Akasema sawa, nikae naye kwa majaribio. Yeye atakuja siku asiyoitaja, ataangalia, kisha ataamua. Akiona mbwa yuko kwa mtu wa kupita, atamchukua papo hapo, na akishamchukua hatampa mtu mwingine tena. Mbwa atabaki kituoni mpaka mwisho wake. Kuachwa huko kulitosha, alisema, na yeye hatakuwa mkono wa kumfanya aachwe tena.

Alimleta mwenyewe. Akapita vyumbani akitazama maji yatawekwa wapi, mlango unafungwa vipi, barabara iko umbali gani. Chumbani kwangu akasimama mbele ya msumari.

"Na hili?"

"Begi."

"Naona ni begi."

Ningekuwa na akili ya darasa la tatu ningelishusha siku ile ile.

Mdogo wangu kwanza aliweka masharti. Nywele za mbwa zisionekane kwenye mapazia ya watu, mbwa asivuke mstari wa meza ya kukatia, na mbwa asimzoee yeye, kwa kuwa siku kaka mtu akishika njia yake yeye hataki kuachiwa yatima. Mbwa alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akavuka mstari, akaenda chini ya cherehani, akalala juu ya mguu wa mdogo wangu ulioko kwenye pedali. Cherehani ikaenda polepole siku nzima. Ilipofika jioni nilimsikia mdogo wangu akimwuliza mbwa ushauri juu ya rinda la pazia, na akionekana kuridhika na jibu.

Tulimwita Sponji. Ukimbonyeza anarudi.

Siku zikaenda vizuri, na sijui kuzisimulia siku zinazokwenda vizuri. Asubuhi aliniamsha kwa kuniwekea kidevu mkononi. Nikifanya kazi aliniegemea. Nikihama upande wa pili wa kochi, naye alihama. Wateja waliokuja kununa juu ya kazi iliyochelewa waliegemewa wakasahau walichokuja kununia. Alichopenda kuliko vyote ni kochi lililo wazi. Kochi kubwa lina tumbo, nafasi tupu kati ya springi na mgongo, ambayo mtu asiye fundi hajui kama ipo. Sponji aliijua siku ya pili. Alikuwa akiingia humo, anazunguka, anajilaza kwenye pamba, na mimi namtoa kwa shingo kabla ya kufunga mgongo. Ikawa nayo ni hatua ya kazi: kaza springi, tandaza gunia, weka pamba, toa mbwa, shona.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Hakuingia chumbani kwangu mpaka mlango uwe umefunguliwa kabisa, begi limefichika nyuma yake. Mlango ukirudi nusu, akaliona, alisimama kizingitini akalitazama kama watu wanavyomtazama polisi. Nilicheka. Nikamwambia halina neno, linaning'inia tu. Mdogo wangu alikuwa akipita na ndoo. Akasema hata yeye huambiwa hivyo hivyo.

Ikaja kazi ya daktari wa meno. Zahanati yake iko mtaa wa nyuma yetu, na alitaka kochi refu la chumba cha kungojea, laini, ili watu waogope wakiwa wamekaa vizuri. Nililifanya kwa moyo wangu wote. Asubuhi ya kulipeleka, kochi limelala kifudifudi katikati ya karakana, mgongo wazi, gari la mizigo limeshaagizwa, imebaki mishono ya mwisho. Mgongo wa kochi hushonwa kwa sindano iliyopinda kama kucha ya paka, na yangu ikavunjika katikati ya kazi.

Nyingine ilikuwa begini. Vitu vyangu vizuri vyote vilikuwa begini.

Nikaenda chumbani, nikalishusha begi, nikaja nalo karakana penye mwanga. Nikaliweka sakafuni, nikalifungua. Nikatoa mashati, nikatoa kikombe, nikatoa sweta ambalo sikukumbuka kuwa nalo. Mdogo wangu aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Akayarudisha chini bila kusema kitu, na mimi, mjinga, nikafikiri ana kazi nyingi. Kifuko cha sindano kilikuwa chini kabisa. Wakati napekua nilikuwa nimeupa kisogo ule mgongo wa kochi ulio wazi.

Gari likapiga honi nje. Nikatia uzi, nikashona mbio, mshono mzuri hata hivyo, mdogo mdogo kama meno ya mtoto. Wapagazi wakaingia, mmoja mbele mmoja nyuma, wakainua. Yule wa nyuma akasema kochi hili limeelemea upande mmoja. Nikakasirika. Nikamwambia nimeanza kuvalisha makochi kabla yeye hajajua kukaa, na kama kuna kilichoelemea upande mmoja ni bega lake. Wakacheka, wakalipakia, wakaenda.

Nikajimiminia chai, nikamega mkate, nikashusha mkono bila kutazama, kipande kwenye vidole, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyekichukua.

Tulimtafuta kwanza kwa utulivu. Chini ya meza, ndani ya lundo la sponji, nyuma ya marobota ya mapazia. Kisha bila utulivu. Mdogo wangu alitoka mpaka barabarani akimwita, kidole bado kina kofia ya kushonea. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikifukua magunia, ndipo nikaona viatu vya mpira mlangoni.

Mama Mbwa alikuwa amechagua siku yake.

Alisimama akatazama. Aliona begi wazi sakafuni. Aliona mashati, kikombe, sweta. Alitafuta mbwa kwa macho, kona hadi kona, hakumwona.

"Unaondoka lini?" akauliza.

"Siondoki. Nilikuwa natafuta sindano."

Nilijisikia mwenyewe nikisema, na ningekuwa yeye nisingeamini. Nikageuka kwa mdogo wangu anitetee. Akasema ni kweli, sindano ilivunjika, aliisikia. Lakini alikuwa akiliangalia lile begi huku akisema, na hapo nikaelewa kwa nini asubuhi ile hakuniuliza chochote. Aliogopa jibu.

"Na mbwa yuko wapi, mzee?"

Sikuwa fundi tena, nilikuwa mzee. Nikamwambia sijui. Nikamwambia alikuwepo hapa, alikuwepo tangu asubuhi, mlango ulikuwa umefungwa mpaka walipokuja wapagazi. Mama Mbwa hakunigombeza. Alichuchumaa, akagusa ukingo wa begi kwa kidole, akafikiri.

"Ulilishusha hili akiwa anaona?"

"Ndiyo."

"Basi hakukimbia. Baada ya hapo humu ndani kimetoka nini?"

Tukatazamana mimi na mdogo wangu. Katikati ya karakana palikuwa na nafasi kubwa, safi, yenye umbo la kochi.

"Ee," mdogo wangu akasema polepole. "Kaka, umemshonea ndani."

Hatukufunga hata mlango. Nilichukua wembe wa kufumulia, nikatangulia, wao nyuma yangu. Mtaa wa nyuma ni karibu, lakini nilikuwa na njia ya kutosha ya kufikiri. Kitambaa nilichotumia kinapitisha hewa, hilo nilijiambia, na nikajiambia tena. Springi nilizifunga mwenyewe, haziwezi kumbana. Sikuogopa sana kwamba ameumia. Nilichoogopa zaidi ni kwamba yule mbwa alikuwa amekaa gizani, kimya, akisubiri kuona ninampeleka wapi, na mimi sikuwa nimekwenda popote.

Katika chumba cha kungojea kochi lilikuwa limewekwa chini ya dirisha, na lilipendeza, siwezi kusema uongo. Lilikuwa limekaliwa na mama mmoja mwenye shavu lililovimba kama andazi, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Daktari wa meno alikuwa amesimama mbele yake na koti lake jeupe, uso wa mtu anayekaribia kuomba msaada. Aliponiona akafurahi.

"Fundi, afadhali umekuja. Huyu mama anasema kochi linapumua."

Mama wa shavu akaeleza kwa upande mmoja wa mdomo. Alipoketi alisikia joto nyuma ya kiuno. Akadhani ni kifaa cha kisasa, cha kutuliza wagonjwa, akajisogeza vizuri. Kisha likashusha pumzi ndefu. Hata hivyo hakuhama, alisema, kwa sababu tangu aegemee jino limepoa.

Nilimwomba anyanyuke. Akanyanyuka shingo upande. Nikapiga magoti nyuma ya kochi, nikaweka mkono penye mgongo, na nilikusudia kumwita jina lake lakini kikohozi kikatangulia. Kilikuwa kile kikohozi changu cha vumbi la pamba ambacho mdogo wangu hukisikia kila asubuhi.

Ndani ya kochi kitu kikaanza kupiga mbao. Pu, pu, pu. Ulikuwa mkia.

Nikapitisha wembe kwenye mshono wangu mzuri kuliko yote ya mwaka ule, nikaufumua kutoka juu mpaka chini. Kikatoka kichwa chenye pamba kila mahali, sikio moja limesimama. Sponji akatutazama wote, daktari, mama wa shavu, Mama Mbwa, mdogo wangu. Kisha akatoka taratibu, akajinyoosha miguu ya mbele, ya nyuma, akaja akaniegemea.

Nilikaa sakafuni.

Mama Mbwa alikuwa amesimama na mikono mfukoni, nami nilijua kwamba kilichonipeleka pale mbio bado hakijaisha. Mbwa amepatikana, lakini amepatikana wapi? Ndani ya kochi, kwa mkono wangu, kwa sababu ya begi langu. Kama angeinama akamchukua wakati ule, nisingekuwa na neno la kumzuia.

"Hakuwa anakukimbia," akasema. "Alitaka kwenda na wewe. Akachagua kitu ambacho hakika kitatoka."

"Nimeelewa, mama."

"Basi swali langu ni lile lile la siku ile."

Nilitamani jibu zuri. Watu waliokaa mahali wana majibu ya namna hiyo. Wanasema hapa ni kwangu, wanaonyesha kwa mkono. Mimi sikujua kukaa. Nilichojua ni kuahirisha kuondoka, kochi hadi kochi. Nikamtazama Sponji, ambaye alikuwa ameshaanza kusinzia, kana kwamba jambo linalojadiliwa ni la watu wengine.

"Sindano nitazitafutia mahali pengine," nikasema.

Ndilo lililotoka. Daktari wa meno aligeuza shingo, akidhani amekosa kitu katikati. Lakini Mama Mbwa alikuwa anasikiliza kwa namna yake. Aliyejibu ni mdogo wangu. Aliongea huku akitoa pamba kwenye nywele za mbwa, bila kuniangalia.

"Kuna droo. Kwenye meza ya cherehani, upande wa kushoto."

"Nilidhani ina vifungo."

"Haina kitu. Tangu ulipokuja haina kitu, kaka. Ningekwambia ungeondoka."

Nilikuwa nimeiona droo ile kila siku. Meza yake yote imefurika, mpaka nyuzi anazitia kwenye sufuria, na ile moja tu haikuwahi kufunguliwa.

Mama Mbwa akavuta pua. Akasema kituo chake kina mbwa wengi na hana haja ya kuongeza. Akasema pia kwamba katika miaka yote ya kazi yake amewahi kutoa mbwa kwenye mtaro, kwenye tangi na juu ya paa, lakini kwenye kochi la daktari bado, na kwamba habari hiyo hatamsimulia mtu yeyote, kwa sababu watu wataacha kumwamini. Kisha akainama, akamkuna Sponji nyuma ya lile sikio lililokata tamaa.

"Huyu ni wako," akasema. "Ila kabla ya kushona, hesabu mbwa."

Akaenda zake. Viatu vyake vya mpira vilisikika mpaka kona.

Nililishona kochi upya pale pale, mbele ya wagonjwa. Mama wa shavu aliomba akae na mbwa wakati anangoja zamu yake, nikamwachia, na alipoitwa ndani alitaka kwenda naye. Daktari akakataa, akafikiri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ingewezekana Sponji apite pale siku zile wanapokuja watoto. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Tunakwenda mpaka leo. Analala katikati ya chumba, anaegemea mguu wowote unaotetemeka, na anarudi nyumbani ananuka dawa ya karafuu.

Sindano nilizitia kwenye droo jioni ile. Mashati yakapata misumari yake, mmoja mmoja, na kikombe kikakaa kabatini kati ya vikombe vyenye maua, hakikufanana na vyenzake lakini havikukifukuza. Begi lenyewe lilikuwa turubai nzuri, ya zamani, isiyopatikana siku hizi. Nililifumua, nikalifanya godoro dogo, nikalijaza pamba. Nilipoliweka chini Sponji alilizunguka kwa mashaka, akanusa, akanitazama. Nikamgeuzia upande wa ndani, ambako hakuna alama ya zipu. Akapanda.

Miguu bado inawasha, sitaki kudanganya. Kukipambazuka inataka barabara. Basi naichukua, namvalisha Sponji mkanda wa lile begi, tunatoka. Tunapita maghala, tunapita kituo cha Mama Mbwa tumsalimie, siku nyingine tunakwenda mbali mpaka nyumba zinaisha. Halafu mmoja wetu anachoka, na simtaji ni nani, tunageuza. Mdogo wangu akinikuta jikoni tukirudi hashtuki tena. Maji anayaweka ya watu wawili tangu mwanzo.

Na makochi nashona bado. Ila kabla ya kufunga mgongo nagonga fremu kwa fundo la kidole, nakohoa mara moja, natega sikio. Wateja wakiwepo wananyamaza kwa heshima. Wanadhani nasikiliza springi, kwamba ni ufundi wa kale usiofundishwa tena. Mmoja alikwenda kuwasimulia wenzake, wakaja watatu kwa ajili ya hilo tu. Siwakatalii.